Katibu wa Barua za Kuhama

Katibu hakukubali kalamu ya mtu. Ukienda ofisini kwake kujaza fomu ya ubatizo au ya ndoa, ukatoa kalamu yako mkobani, aliitazama kama vile umempa kijiko ulichokwisha kulia, kisha akafungua droo na kukupa ya kwake, nyeusi, yenye kifuniko. Ukimaliza aliifuta kwa leso na kuirudisha mahali pake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jukwaa, katikati ya spika mbovu na viti vya plastiki vilivyopandana hadi darini, kwa sababu kanisa letu lilikuwa limepanga ghorofa ya juu ya jengo moja la mjini, juu ya duka la samani. Hapo alikaa kila Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, amevaa suti ya kahawia na tai, hata mwezi wa pili ambapo joto la Durban halimwachi mtu apumue.

Sijawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina. Hata mkewe, mbele za watu, alisema Katibu. Lafudhi yake ilikuwa ya Uvira. Zaidi ya hapo sijui alikujaje wala lini, na sikuwahi kuuliza, maana nilikuwa namwogopa. Afadhali niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Kwetu ni Kigoma, hapa nasuka nywele katika saluni ya mjini, na kanisa lile la Wakongo niliingia kwa sababu ndiko nilikosikia watu wakiomba kwa Kiswahili, baada ya miezi mitatu ya kuagizwa kazi kwa Kiingereza na kusalimiwa kwa Kizulu. Siku ya kwanza nililia. Aliyenipa karatasi laini ya kujifutia machozi alikuwa Katibu, na kwa mkono wa pili akanipa fomu ya wageni.

Alikuwa mtu wa sheria kupita kiasi. Jumapili asubuhi mji huwa mtupu, na ungemwona kwenye robot, kama zinavyoitwa hapa taa za barabarani, amesimama na mkewe na watoto wake, wote wamevaa za kanisani. Taa nyekundu, gari hakuna hata moja kutoka huku wala kule, nao wamesimama. Sisi wanakwaya tulikuwa tunawapita mbio huku tukicheka.

"Mupite tu," alitujibu. "Siku gari itakuja, mimi njo nitasoma tangazo ya kilio." Njo kwao ni ndiyo.

Lakini mtu huyohuyo, ukiwa na miadi ya kuongeza muda wa karatasi za ukimbizi, alikwenda kupanga foleni na wewe, na kiti chake cha kukunja, na chupa ya chai yenye sukari ya kuwatosha majirani. Tarehe za karatasi zetu alizikariri. Siku moja alinisimamisha ngazini akaniambia, "Binti, permit yako inakufa mwezi kesho, unangoja nini?" Na kweli nilikuwa nimesahau. Nilimshukuru, halafu usiku mzima nikawaza ni mambo gani mengine anayojua juu yangu.

Kitu kimoja hakukisamehe: nafasi tupu kwenye fomu. "Jaza yote," alisema. "Mimi siwekake muhuri juu ya nafasi tupu." Mjane mmoja alirudishwa mara tatu kwa kuwa hakujua mwaka aliozaliwa marehemu baba mkwe wake. Mara ya tatu mama wa watu alilia. Katibu akampa chai, akampa leso, akambembeleza vizuri kabisa, kisha akamrudisha.

Watu walimjua zaidi kwa sauti. Matangazo yalikuwa yake, na yote aliyasoma kwa sauti moja, isiyopanda wala kushuka: mtoto aliyezaliwa, harusi, vitenge vya sare ya akina mama, funguo zilizookotwa chooni. Jumapili ya mwisho wa mwezi alitoa mfukoni karatasi ya pili. Hapo hata watoto walinyamaza. Karatasi ya pili ilikuwa ya waliotengwa: majina matatu ya mtu, kosa lake, na maneno yaleyale kila mara, kwamba tangu leo huyu si wa ushirika wetu. Kanisa lote likajibu Amina.

Na mambo hayakuishia mlangoni. Sisi wa Kiswahili hapa Durban tunajuana mno. Jina likisomwa Jumapili, Jumatatu mwenye saluni amesikia, Jumanne mwenye nyumba, na wiki haiishi kabla simu haijafika nyumbani. Yangu ingefika Kigoma, kwa mama yangu mwenye presha, aliyekuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe anaimba kwaya Afrika Kusini. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko kufa, jina langu kwenye karatasi ya pili, kwa sauti ile.

Mwaka wangu wa pili pale, karatasi ilitoka kama kawaida. Nilikuwa nimesimama kwaya, nyuma kabisa ya binti mkubwa wa Katibu, aliyeimba sauti ya pili na ambaye ndiye aliyenifundisha nyimbo zote za Kifaransa. Katibu akavaa miwani, akasoma majina matatu ya binti huyo, la mwisho likiwa la Katibu mwenyewe. Akasoma kosa: anaishi na mwanamke mwenzake kama mtu na mkewe. Tangu leo si wa ushirika wetu. Sauti haikutikisika. Mimi niliona shingo ya yule dada tu, na mshipa mmoja ukicheza chini ya sikio.

Kanisa likasema Amina. Na mimi nilisema Amina. Nilisema kwa nguvu, ili asitokee mtu wa kujiuliza mbona huyu kanyamaza. Katibu akakunja karatasi na kutangaza kwamba maombi ya Jumatano yataanza saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili. Binti yake aliweka kitabu cha nyimbo juu ya kiti, akashuka ngazi, na hakurudi tena. Baadaye walisema yuko Cape Town. Wazee walimpa Katibu mkono mwezi mzima kwa msimamo wake, naye alipokea mkono. Mkewe akahamia viti vya nyuma.

Wakati huo nilikuwa tayari naishi na Nomusa. Nomusa ni mtu wa hapahapa Durban, anafanya kazi katika duka la mikate, na tulipanga chumba Glenwood, kwenye nyumba ya zamani iliyojaa wanafunzi. Kwa watu wa kanisani alikuwa dada ninayechangia naye kodi. Yeye naye alikulia kanisani, akafukuzwa na la kwao, na alikuwa amechoka kufuata ibada kwenye simu, kitandani.

"Lazima yapo makanisa yanayotutaka," alisema. Sisi wawili tunaongea Kiingereza, naandika hapa kwa Kiswahili tu.

Nilimcheka. Utayajuaje? Kila kanisa lina kibao kinachosema wote mnakaribishwa. Tulijaribu moja la Westville. Walitukumbatia, wakatupa kahawa na keki, na wiki ya tatu wakatualika kwenye darasa la uponyaji, tukakuta viti viwili vimewekwa katikati ya duara, vyetu hivyo. Tuliondoka hata bila mikoba. Nomusa alirudi kuichukua. Halafu Queensburgh, ambako hawakuuliza kitu nasi hatukusema kitu. Tulikaa safu mbalimbali kama watu wasiojuana, tukarudi nyumbani tumenuniana.

Baada ya hapo Nomusa akabuni njia yake. Alipiga simu kwanza, akauliza bila kuzunguka: "Sisi ni wanawake wawili tunaopendana. Mtatubariki, au mtatuombea tubadilike?" Mimi nilikuwa najifunika mto usoni. Wengi walikata. Mmoja alisema atapiga baadaye, hadi leo. Wa Glenwood, mchungaji mwanamke aliyesikika kama anatafuna kitu, alisema, "Njooni Jumapili. Nusu ya wanakwaya wangu ni watu kama ninyi." Lilikuwa kanisa dogo la matofali mekundu, mitaa minne kutoka kwetu, na tulikuwa tumelipita kila siku.

Walitupokea kweli. Nilisubiri viti viwili vya katikati ya duara, havikuja. Baada ya wiki kadhaa mchungaji akauliza kama tungependa kuwa waumini wa pale, na mimi nikamuuliza barua nimpe nani.

"Barua gani?"

"Ya kuhama. Kutoka kanisa langu."

Akasema hahitaji barua, nikae tu. Sikupenda. Kwetu Mkristo anahama na barua. Mama yangu alihama na yake kutoka Kasulu, na mpaka leo iko ndani ya Biblia. Kuingia bila barua niliona ni kama nimepitia dirishani, na aliyepitia dirishani anaweza kutolewa siku yoyote. Nomusa alikasirika.

"Eish! Kanisa linalokufukuza unaliogopa, na linalokupokea unaliogopa pia."

Basi nikawa naenda yote mawili. Glenwood ibada ilikuwa saa mbili, kwa Wakongo saa nne. Miezi minne niliabudu mara mbili kila Jumapili, na kote nilikuwa na wasiwasi.

Kisha mama mmoja wa kwaya akaja kunipima sare. Hakupiga simu. Mwanafunzi wa chumba cha mbele alimfungulia, naye akaingia moja kwa moja na futi yake ya kitambaa shingoni, akatukuta mimi na Nomusa tunakunja nguo. Alinipima mabega, akanipima kiuno, na kila nilipogeuka niliona macho yake yamekwenda kwenye kitanda. Kilikuwa kimoja, chenye mito miwili, na kila upande miwani yake na chaja yake. Alikunja futi polepole, akasema Mungu atulinde, akaondoka. Ilikuwa Jumapili jioni, na Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho wa mwezi.

Siku tatu sikula. Saluni nilisuka mistari ikapinda hadi mteja akaniuliza kama naumwa. Nomusa alisema tusirudi kule tena, imekwisha. Hakuelewa kwamba kutokwenda hakuzuii jina kusomwa. Alhamisi nilimuaga Nomusa, nikapanda ngazi za kanisa nikishika ukuta. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu niwe na barua yangu kabla hawajaninyang'anya hata hiyo.

Katibu alikuwa anagonga muhuri kwenye vyeti vya ubatizo. Hakuinua uso.

"Kaa. Iko nini?"

"Naomba barua ya kuhama, Katibu."

Mkono wenye muhuri ukasimama. "Unahama Durban?"

"Hapana."

"Unahama nyumba?"

"Hapana. Niko palepale Glenwood."

Ndipo akaniangalia. Nilipima kwa macho hatua za kufika mlangoni, zilikuwa tano, na kiti cha plastiki njiani.

"Mama wa kwaya alifika kwangu nyumbani Jumatatu," akasema. "Aliandikisha neno yake. Réunion ya wazee iko siku ya posho." Réunion kwao ni kikao, na posho ni Jumamosi.

"Katibu, mimi..."

"Sikuuliza kitu. Na weye usiniambie kitu. Ukiniambia, nitakuwa nimesikia."

Akatoa fomu. Akaandika majina yangu matatu bila kuniuliza, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani. Akaandika tarehe. Kwenye sababu akaandika: kwa ombi lake mwenyewe. Akafika palipoandikwa kanisa aendako, na kalamu ikasimama. Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," akasema.

Akaupumulia muhuri, akaugonga kwenye karatasi ile yenye nafasi tupu. Yule mjane nilimkumbuka palepale. "Utajaza mwenyewe kule," akasema. Kisha akafungua daftari kubwa la waumini, akaweka rula, akachora mstari juu ya jina langu, na pembeni akaandika: amehama kwa barua. Ukurasa ule ulikuwa na mistari mingine kadhaa ya namna hiyo, na majina niliyoyajua, ya watu nilioambiwa kuwa wamesafiri.

"Mutu mwenye barua si wetu tena. Wazee hawawezi kumuhukumu, na mimi siwezi kumusoma. Njo sheria."

Niliichukua barua kwa mikono miwili. Yeye alikuwa anafuta kalamu ambayo sikuwa nimeishika.

"Yeye hakukuja," akasema. "Alhamisi ile nilimungoja hapa mpaka saa moja. Barua ilikuwa tayari. Lakini sheria inasema anayehama anaomba mwenyewe."

Nilielewa kwamba anamsema binti yake, nikamhurumia na kumchukia kwa wakati mmoja. Nilitaka kumuuliza kama simu yake ilikuwa imekufa siku hiyo, kama miguu yake ilikuwa imekatika. Lakini barua ilikuwa mkononi mwangu na muhuri haujakauka, na mimi ni mwoga. Nilisema asante, nikashuka.

Jumapili hiyo nilikaa Glenwood, nimeshika simu ndani ya kitabu cha nyimbo. Saa nane, tukiwa tumesharudi nyumbani, ikaingia meseji ya dada mmoja wa saluni anayesali kule: *Umehama na hata hukuniaga!* Ndicho kilichosomwa, kwamba dada yetu amehama kwa barua. Nililia, na Nomusa akadhani ni habari mbaya.

Barua nilimpa mchungaji na kumtafsiria. Ilisema natoka kwa amani, sina kesi, nipokelewe. Chini ilisema: tafadhali thibitisheni kwa maandishi. Nami nikatafsiri na hilo bila kufikiri. Mchungaji wangu ni mtu wa adabu. Baada ya wiki moja aliniambia kwa furaha kwamba amejibu, kwenye karatasi rasmi yenye jina la kanisa na anwani, na ameituma kwa posta. Nilikaa chini sakafuni: kule mzee yeyote angeweza kuifungua, akajua nimehamia kanisa gani. Kwa miezi mingi mlango wa saluni ukifunguliwa tu, niligeuka kutazama ni nani. Mama alipiga simu kama kawaida, akaulizia kwaya, akalalamikia magoti. Hakuna kilichotokea. Miaka mitatu hakuna, ila nilisikia kuwa Katibu amezeeka, ameacha ofisi, na muhuri anao mtu mwingine.

Mwaka jana, Jumapili moja, nilikuwa langoni Glenwood nagawa karatasi za ibada. Nikainua macho, nikaona suti ya kahawia ng'ambo ya barabara, kwenye robot. Taa ikawa kijani, hakuvuka. Ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, amesimama. Mkononi alikuwa na karatasi.

Nitasema ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wamemtuma aje kuorodhesha wanaoingia. Nilifikiria kukimbilia ndani nimwambie Nomusa atokee mlango wa nyuma. Badala yake miguu ilinipeleka kwake, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa amekonda sana.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, binti." Alinionyesha karatasi. Ilikuwa barua ya mchungaji wangu, imekunjwa na kukunjuliwa hadi inataka kuachana. "Hii nilificha kwa dossier yangu. Hakuna mutu aliiona." Akatazama gari lililopita, akageuza uso hadi lilipotoweka. "Yeye iko hapa?"

"Hapana, Katibu. Sijawahi kumwona."

Akatikisa kichwa polepole. Gari lingine likapita, akageuza uso tena. Nilifurahi kidogo kumwona anaogopa, Mungu anisamehe. Furaha haikudumu.

"Kuingia, wanaomba barua?"

"Hawaombi."

"Hata ya utambulisho?"

"Hata hiyo."

"Hiyo si kanisa," akasema, na akaushika mkono wangu tuvuke.

Alikaa kati yangu na ukuta, mbali na dirisha. Pale kwetu, kabla ya sala ya mwisho, mwenye mtu wa kuombewa husimama akamtaja, na Amina hujibiwa mara moja tu, mwishoni, baada ya majina yote. Wengine walitaja wagonjwa wao. Kisha Katibu akasimama. Akavaa miwani, akatoa mfukoni karatasi ya pili. Niliuona ule mkunjo, kama nilivyouona Jumapili nyingi. Nikaukamata mkono wa Nomusa. Nilikuwa na hakika anakuja kusoma langu.

Akasoma majina matatu ya binti yake. Sitayaandika hapa. Aliyasoma kwa sauti ileile ya matangazo, ikafika katikati ya jina la tatu ikakatika, akarudia jina lile tangu mwanzo. Kosa hakusoma. Alibaki amesimama, karatasi mkononi, akingoja kitu, na watu wa Glenwood, ambao hawakumjua, waliinamisha vichwa na kunyamaza kwa heshima. Mimi nilijua anangoja nini.

Nilisema Amina, kwa nguvu, kama mara ile.